LUGHA YA JALADA NA LUGHA YA BARAZANI

Mhariri wa jarida letu aliponiomba makala ya historia kwa ajili ya mkutano wa mwaka huu, alinidokeza kwamba wenzangu wengi wangeandika habari za michezo, za mabweni, na za walimu wetu waliotangulia mbele ya haki. Nikaona haifai nirudie yale ambayo wenzangu watayasimulia vizuri kuniliko. Kwa hiyo nimechagua kueleza habari ya lugha: vipi lugha tunayoisema barazani, sokoni na bwenini hutofautiana na ile tunayoiandika katika barua za serikali, na tofauti hiyo ilitoka wapi. Sababu ya kuchagua jambo hili nitaieleza mbele, kwani inahusu kosa nililolifanya mwenyewe nilipokuwa mtumishi mpya, kosa ambalo hadi leo halijanitoka moyoni.

Yafaa nianze na daftari. Niliingia kidato cha kwanza katika shule hii mwaka 1993, njuka mwenye sanduku la bati, nikitokea kijijini Usukumani. Katika insha yangu ya kwanza niliandika hivi: "Baba huwa anaendaga mnadani kila Jumamosi." Mwalimu wetu wa Kiswahili, ambaye wenzangu wa miaka ile watamkumbuka kwa kalamu yake ya wino mwekundu, aliizungushia duara ile "-ga" akaandika pembeni: "Hii umeitoa wapi?" Kisha akaisoma sentensi hiyo mbele ya darasa. Wenzangu walicheka, nami nikacheka nao ili nisilie. Swali lenyewe sikuweza kulijibu. Ilinichukua miaka mingi, na masomo ya Chuo Kikuu, kulipatia jibu.

Jibu ni kwamba niliitoa nyumbani. Lugha nyingi za Kibantu, Kisukuma kikiwemo, huonyesha jambo la mazoea kwa kutia kiambishi cha namna ya "-ga" mwishoni mwa kitenzi. Kiswahili sanifu hutumia "hu-" mwanzoni: baba huenda, mama hupika. Basi mtu asemaye "naendaga" hakuivunja sarufi kwa uvivu. Amechukua kanuni ya lugha ya mama yake akaivika nguo ya Kiswahili. Leo "-ga" hiyo hiyo yasikika Dar es Salaam, Dodoma na Arusha, midomoni mwa vijana ambao hata Mwanza hawajafika. Ilisafiri kwa mabasi na malori pamoja na watu wake.

Mwalimu wetu hakukosea kunisahihisha. Alikuwa na wajibu wa kutufundisha lugha ya mtihani, na bila wino wake mwekundu nisingeandika makala haya. Lakini swali lake lilistahili jibu refu kuliko kicheko, na jibu hilo ni historia.

Lugha iliyotoka sokoni

Wengi wetu twadhani kwamba Kiswahili sanifu ndicho kilichotangulia, na kwamba lugha ya mitaani ni kile hicho kilichoharibika. Historia yatwambia vingine.

Katika karne ya 19 pwani yetu ilikuwa na lahaja nyingi: Kiamu cha Lamu, Kimvita cha Mombasa, Kimtang'ata, Kipemba, Kiunguja na nyinginezo. Lugha iliyoheshimiwa kwa utenzi na mashairi ilikuwa hasa ile ya kaskazini, ya Lamu na Mombasa. Kiunguja cha mjini Zanzibar kilikuwa lugha ya shughuli. Kilisemwa na mabaharia, wachukuzi, wachuuzi, watumwa na matajiri katika mji uliokusanya watu wa kila pembe ya Bahari ya Hindi na ya bara. Misafara ya pembe za ndovu ilipoondoka pwani kwenda Tabora, Ujiji na ng'ambo ya Ziwa Tanganyika hadi Kongo, ilikibeba Kiswahili cha aina hiyo begani pamoja na mizigo.

Wamisionari nao waligawanyika. Johann Ludwig Krapf alijifunza Kimvita, na kamusi yake ilitoka mwaka 1882. Edward Steere wa misheni ya UMCA aliishi Zanzibar, na mwaka 1870 alitoa kitabu chake cha sarufi ya Kiswahili cha Unguja. Wadachi walipoitawala Tanganyika waliona faida ya kutumia Kiswahili kwa maakida na makarani wao, na hivyo lugha ya msafara ikageuka kuwa lugha ya kodi na ya barua ya serikali.

Waingereza walipochukua utawala, tatizo likawa vitabu vya shule. Kila eneo lilikuwa na tahajia yake na maneno yake. Mwaka 1925 ulifanyika mkutano wa elimu mjini Dar es Salaam, na mwaka 1928 ulifanyika mwingine mjini Mombasa ambapo ilikatwa shauri kwamba Kiunguja ndicho kiwe msingi wa lugha ya vitabu. Watu wa Mombasa hawakufurahi, na manung'uniko yao yalidumu miaka mingi. Tarehe 1 Januari 1930 Kamati ya Lugha ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ilianza kazi, ikiwa na Frederick Johnson kama katibu wake. Kamati ilikagua miswada ya vitabu vya shule, ikaweka tahajia moja, na mwaka 1939 ikatoa kamusi. Katika miaka yake ya mwanzo, mezani pake hapakukaa Mwafrika hata mmoja.

Ndugu msomaji, hapo ndipo yafaa tutue mzigo kidogo tutafakari. Lugha tunayoiita sanifu leo, ile ambayo kwa ajili yake nilichekwa darasani, ilikuwa jana lugha ya bandarini na sokoni. Iliokotwa, ikaoshwa, ikapigwa pasi, ikavalishwa tai. Haikuchaguliwa kwa kuwa ni bora kuliko Kimvita. Ilichaguliwa kwa kuwa watu wengi wa mbali walikuwa wameishaizoea. Wasomi wa tenzi wa Mombasa walikuwa na hoja zile zile dhidi ya Kiunguja ambazo sisi twazitumia leo dhidi ya lugha ya vijana wa vituo vya mabasi.

Serikali yabadili lugha

Chama cha TANU, kilichoanzishwa tarehe 7 Julai 1954, kilifanya mikutano yake kwa Kiswahili, na hiyo ni sababu moja iliyowafanya watu wa makabila zaidi ya mia moja wausikie ujumbe mmoja. Mwalimu Julius Nyerere alijua kutumia ngazi zote za lugha. Mtu yule yule aliyewatafsiria Watanzania tamthilia mbili za Shakespeare, ya Julius Caesar na ya mfanyabiashara wa Venice, alisimama viwanjani akazungumza na wakulima kwa maneno ambayo mtoto wa darasa la pili angeyaelewa.

Mwezi Januari 1967 Rashidi Kawawa, wakati huo Makamu wa Pili wa Rais, alitoa agizo kwamba shughuli za serikali ziendeshwe kwa Kiswahili. Mwaka huo huo Bunge likapitisha sheria ya kuunda Baraza la Kiswahili la Taifa, BAKITA. Ile Kamati ya zamani ilikuwa imekwishageuzwa kuwa Chuo cha Uchunguzi wa Lugha ya Kiswahili mwaka 1964, na kazi yake ilizaa Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981, ambayo nakala yake chakavu wengi wetu tuliigombania maktabani.

Agizo la mwaka 1967 lilikuwa jema, lakini tuangalie lilivyotekelezwa. Makarani na maofisa walikuwa wamefundishwa kuandika barua kwa Kiingereza cha utawala wa kikoloni. Walipoamriwa kuandika kwa Kiswahili, hawakwenda barazani kusikiliza jinsi wazee wanavyopeana habari. Waliichukua barua ya Kiingereza wakaifasiri. Ndiyo maana mpaka leo twaandika "Tafadhali rejea somo la hapo juu", "Nimeelekezwa nikujulishe" na "Naomba kuwasilisha". Maneno ni ya Kiswahili, lakini mwendo wake ni wa bwana shauri.

Wala si kwamba Waswahili hawakuwa na barua rasmi kabla ya hapo. Barua za karne ya 19, zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu, zilikuwa na taratibu zake kamili. Mwandikiwa alitajwa kwa heshima yake, alisalimiwa, akajuliwa hali, ndipo mwandishi akaingia katika jambo lenyewe. Mjerumani Carl Büttner alichapisha mkusanyo wa barua za namna hiyo mwaka 1892. Alama ya utaratibu huo twaiona katika barua tulizowaandikia wazazi wetu kutoka bwenini: "Baada ya salamu, mimi ni mzima buheri wa afya, sijui wewe huko." Baada ya hapo ndipo tuliomba nauli. Urasmi ule ulianza na mtu. Huu wetu wa ofisini huanza na kumbukumbu namba.

Tofauti zenyewe

Sasa tuzitazame tofauti hizo kwa karibu, maana vijana walioko darasani watazihitaji.

Kwanza ni ufupisho. Barazani mimi huwa "mi", wewe huwa "we", bwana huwa "bana", na nimeshafika huwa "nshafika". Ulimi unakwenda mbio kwa sababu msikilizaji yupo, anakuona uso, na akikosa kuelewa atauliza. Karatasi haiwezi kuulizwa, na ndiyo sababu lugha ya maandishi hulazimika kutamka kila kitu.

Pili ni upatanisho wa ngeli. Katika maandishi twasema "kitabu changu kimepotea". Katika miji ya bara, na zaidi kwa majirani zetu wa Nairobi, utasikia "kitabu yangu imepotea". Msemaji amepunguza mzigo wa ngeli, na mwenzake amemwelewa. Jambo hili hutokea mahali popote watu wa lugha nyingi wakutanapo.

Tatu ni msamiati. Lugha ya mitaani huzaa maneno haraka na huyazika haraka. Hapa bwenini tulipiga msuli usiku kucha ili tupasue mtihani. Tulipofika Chuo Kikuu tulisubiri bumu, tukaogopa kusapu, na wapo waliodisko. Mengi ya maneno hayo hayatafika mbali, lakini mengine hupanda cheo. Shilingi tano iliitwa dala, na mabasi ya watu binafsi yaliporuhusiwa Dar es Salaam mwaka 1983, makondakta waliita wateja kwa kutaja nauli hiyo. Leo daladala imo katika kamusi. Mwaka 1985 Mwalimu Nyerere alipoacha urais alitumia neno la Kizanaki, kung'atuka, nalo likaingia moja kwa moja katika hotuba na barua rasmi. Hata Ikulu yenyewe, jina la makao ya mkuu wa nchi, ni neno lililotoka kwa Wasukuma na Wanyamwezi. Basi mlango kati ya jalada na baraza haukufungwa kamwe.

Nne ni namna ya kumtaja mtu. Enzi za TANU, na baadaye CCM, mkubwa na mdogo aliitwa Ndugu. Mfumo wa vyama vingi uliporudishwa mwaka 1992, neno Mheshimiwa likapanda tena. Mitaani watu waliendelea na mzee, mama, kaka, dada, shemeji na mwalimu, kama kwamba hakuna kilichotokea. Heshima ya barazani haikungoja waraka.

Tano, na hili ndilo kubwa, ni kumficha mtendaji. Barazani mtu husema: "Wameamua kulichukua shamba la fulani." Ofisini twaandika: "Imeamuliwa kwamba eneo tajwa litwaliwe." Katika sentensi ya pili hakuna aliyeamua, wala hakuna mwenye shamba. Kuna eneo tajwa tu.

Tangazo langu

Hapa sasa nieleze kosa langu. Mwaka 2005 nilikuwa ofisa kijana katika wilaya moja ya bara, mwenye shahada mpya na shati jipya. Barabara ilikuwa ikipanuliwa, na wenye mashamba kando yake walitakiwa kulipwa fidia. Wathamini walikuwa wamekwisha kupita na kuandika majina. Nikapewa kazi ya kutunga tangazo la kubandikwa vijijini pamoja na orodha. Niliandika kwa ufasaha wote niliofundishwa: "Inatangazwa kwa wananchi wote kwamba yeyote mwenye pingamizi kuhusu orodha iliyoambatishwa awasilishe pingamizi lake kwa maandishi katika muda wa siku thelathini." Mkuu wangu alilisifu. Siku thelathini zikapita, kijiji kimoja hakikuleta barua hata moja, nasi tukaandika katika jalada kwamba hakukuwa na malalamiko.

Miezi mitatu baadaye alikuja mama mmoja, mjane, akiwa amefunga kanga kifuani na viatu mkononi, kwani mvua ilikuwa imenyesha. Nilimwamkia, "Shikamoo mama." Akaitikia, "Marahaba, mwanangu," akaketi. Shamba lake lilikuwa limeandikwa jina la shemeji yake, kwa kuwa siku wathamini walipopita yeye alikuwa kliniki na mjukuu, na shemeji ndiye aliyekuwapo nyumbani. Fidia ilikuwa imelipwa, na shemeji alikuwa amekwisha kununua ng'ombe.

Nikamwuliza, kwa sauti ambayo leo naionea haya, kama hakulisikia tangazo. Akajibu kwamba alilisikia. Mtendaji wa kijiji alilisoma mkutanoni mara mbili. "Lakini walisema aje mwenye pingamizi, mwanangu. Mimi naipingaje serikali? Barabara naitaka. Wajukuu wangu hupita humo kwenda shule."

Nilinyamaza. Alikuwa amelielewa neno vizuri sana. Pingamizi hutokana na kupinga, na kupinga ni kusimama mbele ya mtu ukamzuia. Mimi ndiye niliyekuwa nimelitoa neno hilo katika maisha yake nikalitia katika sheria, kisha nikamrudishia bila kumweleza kwamba limebadilika maana. Tena nilimtaka aandike, naye hakujua kuandika.

Shauri lile lilikwenda katika baraza la ardhi la kata, na baada ya zaidi ya mwaka mmoja ukoo ulipatana. Alipata sehemu ya fedha yake. Yote hakuipata kamwe.

Tangazo lililofuata, la kijiji kingine, niliandika hivi: "Tazama orodha hii. Kama jina lako halimo, au shamba lako limeandikwa jina la mtu mwingine, njoo ofisini useme kabla ya mwisho wa mwezi. Asiyejua kuandika ataandikiwa. Kusema si kuipinga barabara." Mkuu wangu aliliona akaguna, akasema kwamba hilo si tangazo la serikali, ni mazungumzo ya kilabuni. Hata hivyo alilitia sahihi, baada ya kuniamuru niweke kumbukumbu namba juu yake. Walikuja watu kumi na mmoja.

Neno kwa vijana

Msije mkadhani kwamba nawashauri kuitupa lugha sanifu. Bila hiyo, mtu wa Kagera na mtu wa Mtwara wasingesoma gazeti moja, wala barua ya Kigoma isingeeleweka Lindi. Mwaka 2021 sheria ilirekebishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama, na mwaka huo huo UNESCO iliitenga tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani. Hatua hizo ni kubwa. Lakini kama hukumu itaandikwa kwa Kiswahili ambacho mshitakiwa hawezi kukifuata, tutakuwa tumebadili maneno na kumwacha mtu pale pale alipokuwa. Kazi hiyo itakuwa yenu, ninyi mlioko madarasani sasa, ambao baadhi yenu mtakuwa mahakimu, waganga, walimu na makarani.

Basi jifunzeni lugha ya mtihani kwa bidii, na wino mwekundu msiuogope. Jifunzeni vile vile kusikiliza lugha ya kwenu, ya jikoni, ya mnadani na ya kituoni, bila kuionea haya. Kabla hamjabandika tangazo lolote, tafuteni mtu asiyefanya kazi ofisini mumsomee, kisha mumwombe awaeleze alichosikia. Mimi nafanya hivyo hadi leo. Mara nyingi huwa ni mama muuza maandazi wa nje ya lango letu, na karibu kila mara kuna neno ambalo yeye hunirudishia nikalitafute tena.

Mwalimu wetu wa Kiswahili, nasikia, amestaafu na yu mzima. Akihudhuria mkutano wetu nitamwamkia, kisha nitamjibu lile swali lake la mwaka 1993. Nawatakieni nyote mkutano mwema na safari njema za kurudi makwenu.